Macho ya mbali: simu inaweza kumwongoza asiyeona mpaka wapi?

Kila klipu ya aina hii inapozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Mtwara, mabishano huwa yale yale. Anaonekana mtu asiyeona, mara nyingi Ulaya au Marekani, anatembea barabarani na simu imening'inia kifuani. Sauti ya mtu ambaye hayupo pale inamwambia mlango uko kulia kwake, asogee kidogo, hapo. Maoni yanamiminika. Mmoja anaandika kwamba setilaiti siku hizi zinawaona wasioona na kuwaongoza. Mwingine anasema hiyo ni akili mnemba. Wa tatu anapendekeza tuchange tuwanunulie wasioona wa mitaani kwetu simu janja "ili waachane na fimbo". Huyu wa tatu ndiye aliyenifanya niandike, kwa sababu nia yake ni njema na ushauri wake unaweza kumvunja mtu mguu.

Kilichomo kwenye klipu ni rahisi kuliko wanavyodhani wote watatu. Ni simu ya video. Kamera inachukua kilicho mbele ya asiyeona, picha inasafiri kwa intaneti mpaka kwa mtu anayeona aliyekaa mahali pengine, na huyo anasema anachokiona. Huo ndio usaidizi wa mwelekeo kwa mbali. Lakini ili tujue unafaa wapi na unaua wapi, inabidi kwanza tutenganishe mambo kadhaa yanayotiwa kwenye kapu moja.

Nani asiyeona?

Shirika la Afya Duniani linamhesabu mtu kuwa haoni pale jicho lake lililo bora linapokuwa chini ya kipimo cha 3/60. Maana yake, hata akisogea mpaka mita 3 hawezi kukiona kile ambacho mwenye macho mazima anakiona akiwa mita 60. Juu ya hapo kuna ngazi za uoni hafifu. Kwa hiyo wengi tunaowaita wasioona wanaona kitu fulani: mwanga wa dirisha, kivuli cha gari, rangi kali ya kanga. Mtu akikwepa nguzo saa nne asubuhi halafu akaigonga saa moja jioni, usimwambie anaigiza. Ametumia uoni mdogo alionao mpaka mwanga ulipomwishia.

Shirika hilo hilo linakadiria kuwa watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana tatizo la kuona, la karibu au la mbali, na kwamba angalau bilioni 1 kati yao tatizo lao lingezuilika au bado halijapatiwa tiba. Hilo nalisema mapema kwa makusudi. Mzee mwenye mtoto wa jicho anahitaji kupelekwa kwa daktari wa macho kabla ya mtu yeyote kumzungumzia programu za simu.

Vitu vinne, majina manne

Cha kwanza ni kisoma skrini. Kwenye simu za Android kinaitwa TalkBack, kwenye iPhone kinaitwa VoiceOver, na vyote viwili vimekuwepo tangu 2009. Mtu anapitisha kidole juu ya kioo, simu inataja kilicho chini ya kidole, akigonga mara mbili kinafunguka. Ndiyo maana asiyeona anaweza kutuma pesa, kusoma ujumbe na kupiga simu ya video bila kumwomba mtu. Huhitaji kukinunua, kimo tayari kwenye mipangilio ya ufikivu, na zipo sauti za kusoma Kiswahili, ingawa baadhi yake lafudhi ni ya kimashine hasa. Kisoma skrini kinajua kilichomo ndani ya simu. Mtaro ulio mbele ya mguu hakiujui.

Cha pili ni GPS, na hapa ndipo penye uvumi mkubwa. Setilaiti za GPS ziko angani umbali wa kilomita zipatazo 20,200 na hazimwangalii mtu. Zinachofanya ni kutangaza saa na mahali zilipo. Simu inasikiliza setilaiti zisizopungua 4, inalinganisha muda uliotumiwa na kila mawimbi kufika, na kupiga hesabu yenyewe ya mahali ilipo. Huko angani hakuna anayejua kwamba wewe upo Chikongola. Kwenye uwazi, simu ya kawaida hukosea kwa mita kama 5. Kwa dereva anayekwenda Lindi, mita 5 si kitu. Kwa mtu wa miguu ni tofauti ya upande huu wa barabara na ule, ya mlango wa duka la dawa na mlango wa gereji ya jirani. Tena ramani haijui kuwa asubuhi hii machinga amepanga meza yake katikati ya njia uliyoizoea.

Lakini tusiidharau. Kazi ya anwani za makazi iliyofanyika nchi nzima mwaka 2022 imeipa mitaa majina na nyumba namba, na hilo limemrahisishia kila anayemtafuta mtu. Kibao chenyewe asiyeona hawezi kukisoma. Mwenzake wa mbali, kupitia kamera, anaweza.

Cha tatu ni programu zinazoeleza picha kwa akili mnemba. Microsoft ilitoa Seeing AI mwaka 2017, Google ikatoa Lookout mwaka 2019, na tangu 2023 programu ya Be My Eyes ina sehemu yake inayoitwa Be My AI. Unapiga picha, mashine inakueleza: kuna meza, juu yake kikombe cha buluu na barua. Kwa kusoma maandishi na kupambanua vitu nyumbani, zimewarudishia watu faragha ambayo hawakuwa nayo, maana sasa mtu anaweza kusoma barua yake bila mtoto wa jirani kuijua kwanza. Ubaya wake ni kwamba zikikosea hazisitisiti. Zitakutajia kitu ambacho hakipo kwa sauti ile ile ya uhakika zinayotumia kutaja kilichopo. Wenye Be My AI wenyewe wanawatahadharisha watumiaji wasiitegemee kuvuka barabara wala kusoma maelekezo ya dawa. Na hata mashine ikiona vizuri, haijui kwamba yule kijana aliyesimama mbele na kunyoosha mkono ni mpiga debe.

Cha nne ni mtu. Be My Eyes ilianzishwa na Hans Jørgen Wiberg, fundi samani wa Denmark ambaye mwenyewe ana uoni hafifu, na ilianza kutumika Januari 2015. Asiyeona anabonyeza kitufe, simu inaita kwa watu waliojitolea wanaozungumza lugha yake, wa kwanza kupokea anamsaidia. Ni bure, na waliojitolea ni wengi kuliko wanaohitaji. Mwaka huo huo huko California ilianzishwa Aira, ambayo ni ya kulipia. Wahudumu wake wamefundishwa na wameajiriwa, na wakati wanakuangalia kwa kamera wana ramani mbele yao. Baadhi ya viwanja vya ndege na maduka ya Marekani huilipa Aira ili mgeni asiyeona aingiapo pale asitozwe chochote. Nitalirudia hilo.

Kwa nini wananyamaza?

Kuna utaratibu mmoja wa Aira ambao ningependa kila mtu anayesambaza zile klipu aujue. Mteja anapovuka barabara, mhudumu hunyamaza. Atamweleza kabla hajavuka makutano yakoje, alama ziko wapi, upande wa pili kuna nini. Mguu ukishashuka kwenye lami, kimya, mpaka afike ng'ambo. Watu waliofundishwa, wenye mtandao wa kasi, wenye ramani mezani, wameamua kwamba wakati wa hatari kubwa sauti yao ni kero.

Ili kuelewa sababu, msimu wa korosho nenda kasimame kwenye ghala lolote hapa Mtwara uangalie lori linavyorudi nyuma kuelekea mlangoni. Dereva haoni kilicho nyuma ya bodi. Utingo ameruka chini, anapiga bodi kwa kiganja na kuita: rudi, rudi, kata kulia, nyoosha, hapo hapo! Utingo ana macho, lakini usukani na breki viko kwa dereva. Na dereva mwenye akili, sauti ikikatika ghafla, anakanyaga breki, haendelei kwa kubahatisha. Msaidizi wa mbali ni huyo utingo. Sasa mtoe utingo pale ghalani, mpeleke Dar es Salaam, mpe tundu dogo la kamera la kuchungulia, na sauti yake ifike ikiwa imechelewa.

Imechelewa kiasi gani? Mtu akitembea kwa mwendo wa kawaida anakwenda kama mita 1 kwa sekunde. Tuseme picha imechukua sekunde 1 kufika, msaidizi ametumia nusu sekunde kuielewa na kufungua mdomo, na sauti imetumia nusu nyingine kurudi. Sekunde 2, mita 2. Neno "simama" linamfikia mtu akiwa tayari ndani ya mtaro. Na bodaboda inayokuja kwa kilomita 40 kwa saa, ndani ya sekunde 2 hizo imekata zaidi ya mita 20.

Fimbo nyeupe haina ucheleweshaji huo. Namna ya kuitumia inayofundishwa leo ilibuniwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na Richard Hoover, akiwafundisha askari waliopoteza macho katika hospitali ya jeshi la Marekani: fimbo ndefu, inapelekwa kushoto na kulia, ncha ikigusa chini pale ambapo mguu unaofuata utakanyaga. Ncha ikikosa ardhi, mkono unajua papo hapo. Haihitaji chaji wala bando. Isitoshe inawaambia wenye magari kuwa huyu haoni, kitu ambacho simu kifuani haimwambii mtu yeyote.

Na mtu anayevuka anahitaji masikio yake yote mawili. Anasikiliza injini iko upande gani, inakaribia au inapungua, lori limesimama kumpisha au limekwama tu. Ukimjaza maneno sikioni wakati huo umemziba jicho alilobaki nalo.

Simu hizi zinafaa wapi basi?

Zinafaa pale mguu unapokuwa umesimama. Mtu anasimama, anauliza, anasikiliza jibu, anaweka picha ya mahali kichwani, halafu anatembea kwa fimbo yake. Akifika, anasimama tena, anauliza tena. Ukiishika kanuni hii moja, mengine yanajipanga yenyewe.

Fimbo inajua cha chini na cha karibu. Haijui kilicho juu ya kiuno, kama tawi la mkorosho lililoinama njiani, mwamvuli wa muuza vocha, kioo cha pembeni cha lori lililoegeshwa au dirisha lililofunguliwa kwa nje. Haijui pia kilicho mbali na kilichoandikwa: basi lipi ni la Newala na lipi ni la Masasi, duka limefunga au limefungua, foleni inaanzia wapi, karatasi iliyobandikwa mlangoni inasemaje. Na kuna yale ya kupoteza kitu. Ufunguo umeanguka kwenye mchanga, mtu amepapasa mpaka amechoka. Kamera inauona kwa sekunde tatu.

Haya yote hayahitaji programu ya Denmark wala ya California. Hapa ndipo nina maoni yangu, na nayasema wazi: kwa watu wengi wa Mtwara na Lindi, msaidizi bora wa mbali ni ndugu aliyeko Dar es Salaam au Lindi mjini, kwa simu ya video ya WhatsApp. Mji anaujua. Anajua Bima ni wapi na Shangani ni wapi, anajua sauti ya mjomba wake ikibadilika kwa wasiwasi. Aliyejitolea kutoka nchi nyingine ana moyo mwema, lakini ukimwambia unatafuta gari la stendi ya Mkanaledi utakuwa umempa kazi mbili. Kinachokosekana kwa ndugu zetu ni ujuzi wa kusema, na huo unajifunzwa.

Namna ya kuwa macho ya mtu

Tuseme mjomba yuko stendi ya Mkanaledi, anataka kwenda Masasi, na mpwa wake yuko Dar es Salaam.

"Shikamoo mjomba. Kamera inaangalia chini, inua simu kidogo."

"Marahaba mwanangu. Nimesimama, mgongo uko ukutani. Natafuta gari la Masasi."

"Hapo sawa. Zunguka kulia kwako, taratibu... simama. Mbele yako, umenyooka nalo, kuna Coaster nyeupe, ubavuni imeandikwa Masasi. Kama hatua kumi na tano. Mlango umeelekea kwako, uko wazi."

"Njia ikoje?"

"Kushoto kwako, hatua ya sita hivi, kuna magunia mawili chini. Ukinyooka hayakugusi. Mbele ya mlango kuna watu watatu wamesimama."

"Haya, natembea. Wewe nyamaza mpaka nikuulize."

Angalia yaliyofanyika humo. Mjomba alisema kwanza yuko wapi na mgongo wake uko wapi, kwa hiyo ana mahali pa kurudi mambo yakiharibika. Mpwa alitaja upande kwanza, kisha umbali na kitu. Umbali aliutaja kwa hatua, kwa sababu asiyeona anaweza kuhesabu hatua lakini hana namna ya kupima mita. Hakusema "usiogope", hakusema "twende hivi". Alieleza, akaacha. Na aliyeamua lini kutembea ni mjomba.

Maneno yanayoharibu ni yale tunayoyasema kila siku: hapo, pale, huku, hivi. Kwa anayeona yana maana kwa kuwa kidole kinayasindikiza. Kwenye simu hayana kidole. Baya kuliko yote ni "angalia!" au "we, we, we!", maana mtu hajui aruke, ainame au arudi. Kubalianeni neno moja la hatari, "simama", lisitumike kwa jambo jingine lolote, na likishasemwa mguu usimame kwanza, maelezo yafuate.

Kuna mtego mwingine unaowakuta Waswahili. Miongozo ya nje hufundisha kutaja upande kwa kutumia uso wa saa, ambapo namba 12 ni mbele, 3 ni kulia, 9 ni kushoto. Kwetu mshale mfupi ukiwa kwenye 3 ni saa tisa, na ukiwa kwenye 9 ni saa tatu. Kijana aliyeusoma mwongozo akimwambia bibi yake "mlango uko saa tatu", yeye anamaanisha kulia, na bibi kwa saa yake anageuka kushoto. Utaratibu huo uacheni. Kulia kwako, kushoto kwako, mbele, nyuma, vinatosha.

Simu ikae kifuani kwa kamba ya shingoni, kamera ya nyuma ikiangalia mbele. Mkono mmoja una fimbo, wa pili ubaki huru, na simu ya kushikwa mkononi mbele ya mwili ni mwaliko kwa vibaka. Sauti ipite sikio moja tu, la pili libaki kwa ajili ya barabara. Jua la mchana la pwani yetu linaipofusha kamera ukielekea nalo, kwa hiyo msaidizi akisema "sioni, picha imekuwa nyeupe", aaminiwe, asilazimishwe kukisia. Msaidizi anayekubali kwamba hajaona ni wa thamani kuliko anayejaza pengo kwa kudhani.

Msaidizi wako anaona nini kingine?

Wengine wanahofia kuwa ukimpigia mtu simu ya video ataona kila kilichomo ndani ya simu. Hapana, anaona kile kamera inachokiangalia. Tahadhari iwe kwenye kushiriki skrini, ambako WhatsApp iliongeza mwaka 2023: hapo anaona ujumbe unaoingia na salio lako. Usifungue huduma za pesa wakati umeshiriki skrini, na namba ya siri usimtajie mtu, hata awe ndugu wa tumbo moja.

Kamera pia inawachukua wengine. Kwenye foleni ya hospitali kuna wagonjwa ambao hawakukubali kuonwa na mtu wa Dar es Salaam. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, lakini kabla ya sheria kuna adabu: mwambie aliye jirani kuwa unaelekezwa njia kwa simu, usirekodi, ukiingia kwa daktari zima kamera.

Kabla ya kuchanga

Sasa nirudi kwa yule aliyetaka tuchange. Kama mchango upo, uanze na fimbo nyeupe inayomfaa mtu kwa urefu wake, kisha mafunzo ya mwelekeo na kutembea, ambayo ni kazi ya mwalimu aliyesomea. Chama cha Wasioona Tanzania ndicho pa kuanzia kuuliza. Simu ije baadaye, na ikija, ije na mtu wa kukaa na mhusika akamfundisha kisoma skrini mpaka vidole vizoee. Simu janja aliyopewa mtu bila mafunzo, baada ya muda inakuwa ya mjukuu.

Na mjukuu huyo ndiye anayeniuma zaidi katika habari hii yote. Katika nyumba nyingi macho ya mzee ni mtoto wa miaka minane au kumi anayemshika mkono kwenda sokoni, kwenda kliniki, kwenda msikitini, siku za shule zikiwemo. Watu husema teknolojia itamwachia mtoto aende darasani. Simu peke yake haitamwachia, kwa sababu mzee asiyejua kutembea kwa fimbo hatatoka nje kwa ajili ya sauti ya simu, na hana kosa. Mzee aliyefundishwa fimbo anatoka mwenyewe, na akikwama kwenye jambo la kusoma au kutafuta anampigia mtu. Mtoto anabaki na daftari lake.

Halafu kuna lile la viwanja vya ndege kulipia wageni wao. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo na huduma za umma zifikike kwa wote. Sioni kwa nini stendi, hospitali ya mkoa au ofisi ya halmashauri isiwe na namba moja ya simu ya video, inayopokelewa na mfanyakazi anayeijua ile sehemu, kwa ajili ya mtu asiyeona aliyefika getini. Hakuna mtambo wa kununua. Simu moja, bando la mwezi, na mtumishi aliyefundishwa kutosema "pale".

Mtandao ukikata

Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika na intaneti ikayumba nchi nzima, siku chache tu baada ya kimbunga Hidaya na mvua zake kukata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam upande wa Kilwa. Hiyo ilikuwa hali ya pekee, lakini hata siku ya kawaida, ukitoka mjini ziko sehemu ambako simu inaita vizuri na video haipiti. Sauti tupu bado inasaidia kwa kukumbushana njia ambayo msaidizi anaifahamu. Kumweleza kilicho mbele yake haiwezi.

Kwenye bando, video ya kiwango cha kilobiti 500 kwa sekunde inakula karibu megabaiti 4 kwa dakika kwa upande mmoja. Upande wa pili unakula zake. Msaidizi azime kamera yake, kwa sababu asiyeona hana haja na uso wake, na asiyeona atakuwa ameokoa karibu nusu ya bando. Ajabu ni watu wachache wanaolikumbuka hili.

Na kabla ya safari ya kwanza, kubalianeni simu ikikatika itakuwaje. Asiyeona asimame, kama yuko njiani arudi kwenye ukuta au ukingo aliotoka, na kama yuko katikati ya barabara amalize kuvuka kwa fimbo na masikio yake, asisimame humo kupapasa simu. Anayepiga tena awe mmoja tu, msaidizi, maana wote wawili mkipiga kwa pamoja kila mmoja atamkuta mwenzake yuko kwenye simu nyingine. Akishindwa kupata video mara ya pili, apige ya kawaida. Na mjomba aliyeko stendi, wakati huo wote, anaweza kumgeukia mtu wa karibu na kumwomba amwonyeshe gari la Masasi.